Msanii tuliyempenda amefariki: maswali ambayo mashabiki wa Tanga huuliza

Maswali haya huja kwa mkupuo kila anapoondoka mwimbaji ambaye watu walimjua kwa sauti kabla ya sura. Huja kwa mtu wa nyumbani, kama Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyeimba na makundi ya taarabu ya Black Star na Lucky Star ya hapa Tanga, aliyefariki Agosti 2016. Huja pia kwa nyota wa ng'ambo ambaye hajui hata mtaa wa Chumbageni uko wapi. Tumeyajibu kwa mpangilio wa siku zenyewe, tangu habari inapofika hadi kaseti zinapotolewa kabatini.

Nimeona kwenye simu kwamba amefariki. Nitajuaje ni kweli?

Usisambaze kwanza. Wasanii wakubwa hufishwa na uvumi mara nyingi kabla ya siku yao, na familia ikapokea simu za pole huku mtu wao amekaa barazani. Tafuta mambo matatu: nani wa familia amesema, amefia wapi, na msiba uko wapi. Tanzia ya kweli ina mahali na saa: msiba uko mtaa fulani, maziko baada ya sala ya Alasiri. Uvumi huwa na picha nyeusi na mshumaa, basi. Tazama na tarehe, maana habari ya miaka iliyopita huibuka upya kila inapokaribia siku ya kumbukumbu, na watu wakalia mara ya pili. Kama kuna mwanamuziki wa kundi lake unayemfahamu, simu moja kwake inatosha kuliko ujumbe mia. Na ujue kwamba kusambaza taarifa za uongo mtandaoni kunaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Amefia Dar es Salaam. Tukitoka Tanga tutawahi maziko?

Mara nyingi hapana, na ni afadhali kulijua hilo mapema. Marehemu Mwislamu huzikwa siku hiyo hiyo, akichelewa sana kesho yake. Kutoka stendi ya Kange hadi Dar ni kama kilomita 350, saa tano hadi sita kwa basi njia ikiwa nzuri. Tanzia ikitoka saa tatu asubuhi na maziko yakapangwa Alasiri, gari lililoondoka saa nne litaingia mjini saa kumi jioni, na hapo hujaanza foleni ya kwenda mtaani kwake. Jeneza limeshatoka.

Fanya hesabu kurudi nyuma. Saa ya maziko, toa saa moja ya ndani ya mji, toa saa sita za njia. Kama saa iliyobaki imeshapita, msiende kwa maziko. Nendeni kesho kuhani, au siku ya hitma. Wanaotumia gari la kukodi wanaweza kukata Msata kwenda Bagamoyo, kilomita 64 za lami, wakaikwepa Chalinze na Kibaha, lakini njia hiyo haifanyi miujiza. Msimhimize dereva. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe tulimpoteza kwa ajali ya barabarani huko Mombasa, Januari 1979. Msiba wa msanii usiongezewe misiba ya mashabiki.

Kwa msanii Mkristo hali ni nyingine. Mara nyingi kuna siku kadhaa za maandalizi, ibada, kuaga mwili, na huenda safari ya kumpeleka kwao. Hapo mna muda wa kuchangishana nauli. Ulizeni kamati ya msiba mambo mawili tu: kuaga ni wapi, na kuzika ni wapi. Wengi hukosea kwa kudhani ni sehemu moja.

Tukifika msibani tufanyeje? Na sisi wanawake?

Wanaume huingia upande wa wanaume, nje au chini ya turubai, na ndio wanaofuata jeneza makaburini. Wanawake hukaa ndani na wafiwa wa kike. Kwa desturi ya pwani wanawake hawaendi kuzika, kwa hiyo dada aliyesafiri toka Tanga kumzika Bi fulani ajue mapema kwamba msiba wake yeye utakuwa chumbani, mkekani. Wala hapo si pa pembeni. Wafiwa wenyewe ndipo walipo.

Vaa kwa stara: khanga mbili au baibui, kanzu au shati la mikono mirefu. Fulana yenye picha ya marehemu iacheni kwa usiku wa kumbukumbu. Maneno ni machache: "Poleni na msiba, Mungu awape subira." Mtajibiwa "Tumeshapoa." Usianze kumsimulia binti wa marehemu jinsi wimbo fulani ulivyokuokoa ndoa, yeye amefiwa na mama, hajafiwa na mwimbaji. Utafika wakati wake.

Simu mfukoni. Kupiga picha uso wa maiti, sanda au kaburi lililo wazi ndiyo aibu kubwa ambayo mashabiki huiletea familia, na picha ikishatoka hairudi.

Je, tupige nyimbo zake wakati wa matanga?

Nyumbani kwa marehemu, hapana, isipokuwa familia yenyewe imeomba. Siku tatu za mwanzo ni za Qur'ani na dua. Wapo wanaoamini kwamba kupiga nyimbo za aliyekufa kunamwongezea mzigo, na wapo wanaoona nyimbo za mawaidha hazina ubaya. Mjadala huo si wa kuumaliza mbele ya wafiwa. Kwako nyumbani piga upendavyo, sauti ikae ndani ya kuta. Kwenye gari la msafara zimeni kabla hamjaingia mtaani kwao.

Tunataka kuchanga ubani. Tufanyeje isije ikaleta ugomvi?

Hapa ndipo mapenzi mengi yameharibika, kwa hiyo tunajibu kwa urefu.

Chagueni watu watatu: anayepokea, anayeandika, anayekagua. Wasiwe ndugu. Namba ya simu ya kupokelea iwe laini isiyo na deni. Laini yenye mkopo wa simu hukatwa yenyewe pindi pesa inapoingia. Mchango wa watu ishirini unaweza kumezwa na deni la mpokeaji kabla hajaamka, na yeye mwenyewe asijue aeleze nini. Jaribuni kwa kutuma shilingi elfu moja na kutazama salio kabla ya kutangaza namba. Laini iwe tupu, isichanganywe na pesa za biashara.

Tangazeni siku ya kufunga tangu mwanzo. Siku tatu hadi saba zinatosha. Mchango usio na mwisho huzaa maneno. Kila jioni mwandishi aweke jumla kwenye kundi: waliotoa leo wangapi, leo kiasi gani, jumla kiasi gani. Anayetaka jina lisionekane aandikwe "muumini" au "shabiki", lakini mkaguzi ajue ni nani.

Makato ya kutuma na kutoa yahesabiwe mapema. Njia ya unafuu ni kuhamisha mara moja, kiasi kizima, kwenda kwa msimamizi wa msiba, badala ya kutuma vipande vipande. Kabla ya kutuma, thibitisheni jina linalotokea kwenye skrini ni la yule familia iliyemtaja. Siku hizo za msiba matapeli huweka namba zao chini ya picha ya marehemu, kwa maneno ya huruma kuliko hata ya familia. Namba ambayo hukuisikia kwa mdomo wa mfiwa au msimamizi, iache.

Mkienda kukabidhi, nendeni wawili au watatu, pesa ndani ya bahasha, na orodha ya majina bila viwango. Viwango vibaki kwenu. Familia inahitaji kujua nani alikuja, haihitaji kujua nani alitoa kidogo.

Familia imetuachia chakula cha hitma. Watu mia moja, tununue nini?

Pilau ya shughuli: kilo moja ya mchele hulisha watu saba. Kwa watu mia nunueni kilo 14 au 15 za mchele, nyama kilo 10, viazi kilo 6, vitunguu maji kilo 4, tangawizi nusu kilo, kitunguu saumu nusu kilo, mafuta lita mbili na nusu. Bizari nzima kama gramu 200. Mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga kwa mkono wa mpishi.

Kosa la kawaida ni kupika zote sufuria moja. Kilo 15 zikikaa pamoja, za chini huwa bokoboko na za juu hubaki na kiini. Gawanyeni sufuria mbili. Mchele mpya hutaka maji kama lita moja na nusu kwa kilo, wa zamani hufika lita mbili. Muulizeni muuzaji ni wa msimu gani, msibahatishe. Maji yakishanywewa punguzeni moto chini, palieni makaa juu ya mfuniko, na acheni nusu saa bila kufunua.

Usiku wa kumbukumbu tuufanye lini, na kibali tunaomba wapi?

Baada ya arobaini. Kabla ya hapo familia nyingi huona ni mapema, na kama marehemu ameacha mjane, yeye yumo kwenye eda ya miezi minne na siku kumi, hawezi kuhudhuria. Tumeni mtu kwa wazee wa familia aombe ridhaa, kisha ndipo mtafute ukumbi.

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akupeni barua. Barua hiyo iende kwa afisa utamaduni wa Halmashauri ya Jiji, kisha polisi. Kama mnataka kutembea barabarani na picha na ngoma kutoka Ngamiani hadi viwanja vya Tangamano, hayo kisheria ni maandamano, na polisi wanatakiwa wapewe taarifa si chini ya saa 48 kabla. Wanaochelewa huambulia kuzuiwa wakiwa wameshavaa sare. Saa ya kuzima spika iandikwe kwenye kibali, na mpiga vyombo aione kwa macho yake.

Muziki wenyewe: taarabu ya Tanga iliyotikisa miaka ya 1960 na 1970 haikuwa ya vinanda vingi. Ilikuwa gitaa, besi, kinanda au akordioni na ngoma ndogo, na ndiyo maana ilisafiri mpaka Mombasa na kwingineko. Msiipakie kompyuta tatu jukwaani mkadai mnamkumbuka aliyeimba na gitaa moja. Waimbaji wapewe mashairi yaliyoandikwa wiki mbili kabla. Beti zikiimbwa kwa kukumbuka, la tatu humeza la pili na fumbo lote likapotea, na kwenye taarabu fumbo ndilo lililobeba wimbo.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko mengine: kabla ya kila wimbo, mtangazaji ataje mtunzi wa shairi, aliyetia sauti (aliyetunga muziki wake), na mwimbaji. Watu wengi huamini kila wimbo ni wa aliyeuimba. Watunzi na wapiga gitaa wengi wa Tanga wamezikwa bila kutajwa, na usiku kama huu ndio nafasi ya kuwataja.

Tunza za usiku huo ni za nani?

Kwa desturi anayetuzwa ni mwimbaji na kundi lake. Kama mmekusudia ziende kwa familia, elewaneni na kundi kwa maandishi kabla, walipwe ujira wao, kisha mtangazaji aseme wazi mwanzo wa shughuli na tena katikati. Wekeni beseni mbele ya jukwaa na mtu wa kuhesabu. Mkikaa kimya mpaka mwisho, kila upande utaamini umeibiwa.

Aliyefariki ni nyota wa ng'ambo. Sisi wa Tanga tunaomboleza vipi?

Kwanza shikeni saa. Michael Jackson alitangazwa kufariki Los Angeles tarehe 25 Juni 2009, saa nane na dakika 26 mchana kwa saa za huko. Kwetu ilikuwa saa sita na dakika 26 usiku, tumeshaingia tarehe 26. Ndiyo maana mashabiki wa pwani hubishana kila mwaka siku ya kumbukumbu ni ipi. Fuateni tarehe ya mahali alipofia.

Wenzetu pia hawaziki kwa haraka yetu. Ibada ya hadhara ya Jackson ilifanyika 7 Julai katika ukumbi wa Staples Center, tiketi 17,500 zikagawiwa kwa bahati nasibu, na mwili wake ukazikwa 3 Septemba, zaidi ya miezi miwili baada ya kifo. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alifariki London 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza ugonjwa wake. Mwili wake ulichomwa, na majivu hayakuwekwa mahali pa watu kuzuru. Mashabiki wake walikutanishwa na tamasha la Wembley, Aprili 1992. Kwa msanii wa namna hiyo msitafute kaburi, tafuteni nyimbo.

Mkutano wa hapa uwe mdogo: nyumba moja, spika moja, nyimbo kumi na mbili zilizochaguliwa, mtu wa kueleza kila moja ilitoka mwaka gani. Saa mbili zinatosha. Pesa msimtumie mtu yeyote wa mbali anayedai kuchangia mazishi ya tajiri wa Marekani.

Ninamlilia mtu ambaye hakunijua. Je, ni upungufu?

Si upungufu. Sauti iliyokuwa jikoni kwa mama, kwenye harusi ya dada na ndani ya basi la Lushoto imekaa nawe kuliko jamaa wengi. Lia, na ulie na wenzako. Ila kama wiki mbili zimepita hulali, huli, kazi haiendi, au umeanza kufikiri kumfuata, hilo si la kuachia muda: mwambie mtu wa karibu leo, na uende hospitali, Bombo ipo. Kwa mtoto au kijana, namba 116 hupigwa bure.

Nina kaseti zake za zamani. Nizifanyeje?

Hii ndiyo kazi ambayo hakuna atakayeifanya kwa niaba ya mashabiki. Kuzika ni kwa familia, lakini sauti nyingi zimo kwenye makabati ya watu wa Makorora na Mikanjuni, na unyevu wa Tanga unazila kila masika.

Panga kwa umuhimu. Kwanza kaseti zilizorekodiwa harusini na kumbini, maana huenda ndiyo nakala pekee duniani. Pili zilizorekodiwa kutoka redioni. Kanda mama za RTD, redio ya taifa ya zamani, zilirithiwa na TBC, lakini si kila kilichopigwa hewani kilihifadhiwa. Mwisho zile za dukani.

Kabla ya kuipiga, vunja vijino viwili vya plastiki juu ya kaseti ili isifutwe kwa bahati mbaya. Chungulia kwenye kidirisha: unga mweupe kingoni mwa mkanda ni ukungu. Kaseti hiyo itenge na nyingine, iweke wiki mbili kwenye chombo kikavu pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uifungue ukiwa umefunika pua. Kama kile kipande laini kinachosukuma mkanda kimeanguka, usiipige. Hamishia mkanda kwenye ganda jingine la skrubu.

Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kiroli cha mpira kisafishe kwa maji na sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti hukikausha. Peleka mkanda mbele mpaka mwisho kisha urudishe, ili tabaka zake ziachane, ndipo upige. Kaseti za dakika 120 ni nyembamba mno. Hizo zipige tu bila kuzirudisha kwa kasi.

Usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika. Toa waya kwenye tundu la kutolea sauti, uingize kwenye kompyuta kupitia kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti lililoandikwa "line in". Tundu la maikrofoni la kompyuta hukoroga sauti na mara nyingi huichukua upande mmoja tu. Programu ya Audacity ni bure. Weka sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, faili la WAV, na sauti ya juu kabisa isipite desibeli hasi 6. Ikigonga sifuri imeharibika na hakuna dawa. Kama sauti ni nzito na haina ncha, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Izungushe taratibu mpaka sauti ya "s" isikike wazi.

Rekodi upande mzima bila kukata. Maneno ya mtangazaji, vigelegele, jina la bwana harusi, vyote vibaki. Mara nyingi ndivyo vinavyotoa tarehe. Usiondoe mikwaruzo ya sauti kwenye faili la kwanza. Dakika moja hula kama megabaiti 10, kaseti ya dakika 60 kama megabaiti 600, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 hubeba kaseti hamsini hivi. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Santuri ni jingine. Za 45 na 33 zioshe kwa maji baridi yaliyokenekwa (yasiyo na chumvichumvi) na tone la sabuni, ukifuata mifereji. Zile nzito za 78 zisiguswe na spiriti. Huyeyusha nyenzo yake. Nazo hutaka sindano pana ya kwake.

Naweza kuziweka mtandaoni?

Kuwa na kaseti si kuwa na haki. Haki za mtunzi zinaendelea baada ya kifo na huenda kwa warithi wake, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ofisi ya kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukitaka kuweka, omba familia na watunzi waliohai kwa maandishi, usichukue pesa za matangazo, na taja majina yote. Ukiombwa kuitoa, itoe siku hiyo hiyo.

Nakala nimpe nani?

Familia kwanza, kwenye flashi, pamoja na karatasi iliyopigwa chapa: jina la wimbo, mtunzi, wapigaji, mwaka kama unajulikana, kaseti ilikuwa ya mtaa gani. Kisha wanamuziki waliobaki wa kundi lile, wasikilize na kusahihisha majina. Fanya hivyo mapema, wengi ni wazee. Kaseti zenyewe usizitupe baada ya kunakili. Zisimamishe wima ndani ya boksi, mbali na spika, jiko na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na uzikague kila masika inapoisha.